Loleza dirishani, batiki kwenye korido: kisa cha nyumba ya juu kabisa ghorofani Mbeya

Kazi hii ya kuitengeneza upya nyumba ya mteja wetu tuliimaliza mwaka jana mwezi wa tisa na tangu hapo watu wananiuliza marumaru tulitoa wapi na zile taa ni bei gani, sawa, lakini kilichotuhangaisha miezi saba mizima ni jua, na ndo maana nimeamua nikiandike kisa chote kuanzia mwanzo, maana naona nyumba nyingi saivi zinapanda juu hapa Mbeya na watu wanaanza kupenda kutundika vitu vya maana ukutani, na makosa tuliyokaribia kufanya sisi nayaona yanafanyika kila siku.

Nyumba yenyewe iko ghorofa ya tano, ya juu kabisa, upande wa Uzunguni pale mji unapoanza kupanda kuelekea mlima Loleza. Wenyewe wanaita penthausi. Mita za mraba kama 240 hivi na baraza la wazi upande wa kaskazini. Aliyekuwa nayo kabla alikuwa anapangisha vyumba, kwa hiyo alikuwa ameikatakata kwa ubao na siling bodi, madirisha madogo, giza. Mteja wetu ni mama mtu mzima, mjane. Marehemu mume wake alianza kazi TAZARA reli ikiwa bado mpya kabisa (ilikamilika 1975), baadaye akaingia kwenye kahawa ya Mbozi na Mungu akamjalia. Mzee alikuwa na tabia moja, kila akisafiri na treni, iwe anaenda Dar au anaelekea Kapiri Mposhi kule Zambia, harudi mikono mitupu. Kilomita 1,860 za reli na karibu kila kipande cha njia kina kitu chake mle ndani: picha za Tingatinga kumi na nne, batiki sita, vikapu vya milulu vya Iringa, kigoda cha Kihehe, vyungu vya Wakisi kutoka Matema, sanamu kubwa ya mpingo ya Kimakonde ile ya ujamaa watu wamebebana mpaka juu, mlango wa nakshi kutoka Bagamoyo, na kandili la stesheni ambalo mama analifuta mwenyewe, dada wa kazi haruhusiwi kuligusa.

Siku ya kwanza mama aliniambia, "Mwanangu, mie nataka nikikaa nione Loleza, na vitu vya mzee navyo vinione mimi." Nikasema sawa mama. Sikujua bado kwamba hayo mambo mawili aliyoyasema yanagombania ukuta mmoja.

Kijana wake mkubwa alikuja kutoka Dar na michoro kwenye simu. Alitaka upande wote wa kaskazini uwe kioo kutoka chini mpaka juu, ndani kuta nyeupe, na picha zote zipangwe ukuta unaotazamana na kioo ili mgeni akiingia anapata mlima na sanaa kwa mara moja. Na alikuwa na hoja, akasema dada, hata wachoraji na majumba ya sanaa wanatafuta mwanga wa kaskazini, ndo mwanga bora. Hapo ikabidi nimwombe tukae chini tuongee taratibu, maana hiyo kanuni ni ya kweli ila ni ya Ulaya. Kule jua la mchana linapita kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini karibu haliingizi jua, linaingiza mwanga mtulivu tu. Sisi tuko karibu nyuzi tisa kusini mwa ikweta. Hapa Mbeya kuanzia mwanzoni mwa Machi mpaka katikati ya Oktoba jua la mchana linapita kaskazini mwa vichwa vyetu. Miezi saba na zaidi! Tena ndo miezi ambayo mingi haina mawingu, Juni, Julai, Agosti, anga bluu kabisa na tuko mita 1,700 juu ya usawa wa bahari ambako hewa ni nyepesi na miale ina makali kuliko Dar. Jua linahamia kusini Oktoba mpaka Februari, na sehemu kubwa ya kipindi hicho kwetu ni mvua na mawingu. Yaani ukitaka ule mwanga mtulivu wa wachoraji, kwa Mbeya ni dirisha la kusini. Ile michoro ya kwenye simu ukiileta ilivyo unakuwa umeweka picha alizoacha marehemu juani miezi saba kila mwaka.

Kijana hakukubali siku ile, na simlaumu, maneno ni maneno. Kilichomaliza ubishi ni batiki.

Tulikuwa tunahamisha vitu kutoka nyumba ya zamani, batiki moja ilikuwa imekaa sebuleni miaka mingi karibu na dirisha, wanawake wanachota maji mtoni. Mama alikuwa anaamini rangi yake ni hiyohiyo, chai ya maziwa hivi, akasema mzee alipenda rangi za upole. Fremu ilikuwa imelegea nikaifungua niangalie kitambaa kisije kikachanika njiani. Pembeni, pale fremu ilipokuwa inafunika, kuna ukanda mwembamba upana wa kidole kuzunguka kitambaa chote, na ukanda huo ni bluu. Bluu nzito kabisa, ile ya kaniki. Mto uliokuwa unaonekana kama matope ulikuwa bluu. Mama akachukua kile kitambaa akakishika mkononi akakaa kimya muda mrefu, halafu akamwambia mwanae, "Baba yako alininunulia mto, mie nimekaa na vumbi." Kuanzia hapo hakuna aliyebishana tena kuhusu kioo na picha.

Rangi ikishapauka hairudi, hakuna fundi wa kuirudisha. Watu wanadhani ni miale ya UV peke yake, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, wanabandika filamu kwenye kioo wanalala usingizi. UV ni mbaya kweli, lakini hata mwanga wa kawaida unaoonekana unakula rangi, na madhara yanajumlishwa, ukali wa mwanga mara saa ulizoweka. Vipimo vya makumbusho kwa vitambaa, karatasi na vitu vya nyuzi ni laksi 50 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), kwa picha za rangi ya mafuta mpaka 150 au 200. Jua la moja kwa moja linaweza kufika laksi 100,000. Sasa piga hesabu mwenyewe batiki inakaaje mbele ya Loleza.

Kwa hiyo tukaanza upya, na safari hii hatukupanga kwa uzuri. Tulitandika mikeka kwenye sakafu ya sebule tupu tukapanga vitu vyote vya mzee kwa kile kinachokiua kila kimoja. Udongo uliochomwa hauogopi jua, chuma hakiogopi jua, jiwe haliogopi. Batiki na vikapu vya milulu vinaogopa mwanga kuliko vyote. Tingatinga ziko katikati, zile zimechorwa kwa rangi za kopo za mafuta zenye kung'aa juu ya hadibodi, ndivyo alivyoanza Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mtu wa Tunduru, pale Dar 1968, miaka minne tu kabla hajafa, na hizo rangi ni ngumu kiasi ila hadibodi ikipata unyevu inavimba pembeni kama mkate. Mpingo hauna shida sana na mwanga, adui yake ni ukavu na joto. Mama alikuwa anatembea katikati ya mikeka anasoma moja moja, na nadhani ile siku ndo alianza kutuamini.

Baada ya hapo ramani ya nyumba ikajitengeneza yenyewe. Chumba kikubwa cha kaskazini kinachotazama Loleza kikawa cha udongo: vyungu vya Wakisi vyote, kandili, mawe aliyookota mzee, viti. Korido ya katikati, ile ambayo kila mtu alitaka tuibomoe kwa sababu haina dirisha, ikawa chumba cha thamani kuliko vyote, tukaipanua mpaka mita mbili na nusu, batiki na vikapu humo. Tingatinga zikaenda chumba cha kusini cha kulia chakula, mwanga wake ni mtulivu na ukikaa mezani jioni unaona taa za mtaa wa Mwanjelwa kule chini mjini.

Kaskazini hatukumnyima mama kioo chake, lakini tulifanya mambo mawili. Kwanza tuliweka kioo cha laminated, kile chenye utando katikati kama cha mbele ya gari, kinazuia karibu UV yote. Pili, mwezi wa sita tulikaa na chaki. Saa tatu asubuhi fundi anachora mstari kwenye zege pale jua linapoishia, saa sita tena, saa tisa tena. Saa tatu jua lilikuwa linaingia ndani mita mbili kamili, mchana saa sita linarudi mita moja na nusu. Tukaongeza kipaa cha mbao na fremu ya chuma juu ya kioo, kinatoka nje mita moja na nusu, tukapima tena, saa ile ile ya asubuhi jua likaishia nusu mita tu. Na mlima uko palepale, maana mlima unautazama mbele, jua linatoka juu, kipaa kinakata jua hakikati Loleza. Hii kitu ni rahisi kuliko mapazia yote ya umeme na nashangaa majengo mapya hapa mjini yanajengwa bapa kama boksi.

Kuhusu jikoni na mabafu sina la kueleza, ni kazi ya kawaida.

Korido ilitupa presha sana. Juu yake kabisa, kwenye slabu, kulikuwa na matenki matatu ya lita elfu mbili mbili, tani sita za maji zikijaa, na fundi aliyefunga zamani alipitisha bomba kwenye zege akaziba kwa saruji kavu. Mvua za Aprili zikapiga, nikabonyeza jipsamu kwa kidole, kidole kikazama. Tulikuwa tumebakiza wiki mbili kutundika. Tulitoa dari yote, tukahamisha matenki juu ya bafu karibu na nguzo, tukaziba slabu kwa utando wa lami na tukajaza maji juu siku tatu tuone kama linavuja kabla ya kurudisha kitu chochote. Jamani, kama unaweka vitu vya thamani ghorofa ya juu kabisa, kabla ya rangi, kabla ya taa, panda juu ya paa ujue maji yako wapi. Wa ghorofa ya chini anavujiwa na jirani, wewe wa juu unavujiwa na mbingu.

Kutundika tulitumia reli ya picha, chuma chembamba kinachopita juu ya ukuta na picha zinaning'inia kwa waya, ili mama akitaka kubadilisha asilazimike kumwita fundi atoboe na kupiga fisha kila mwezi. Batiki zinapokezana, mbili nje, nne zimelala ndani ya kabati zimeviringishwa, kila baada ya miezi mitatu zinabadilishana. Taa za kwanza tulizouziwa boksi lilisema CRI 95, ile namba ya kuonyesha rangi kwa uhalisia, tukawasha juu ya Tingatinga moja ya kanga na chui, wekundu wote ukawa kama kutu. Tulirudisha boksi zote. Tangu hapo sinunui taa bila kwenda dukani na kitambaa chekundu kwenye pochi.

Usiku kulikuwa na tatizo jingine ambalo hakuna aliyelifikiria. Siku ya kwanza tunawasha taa zote, mama amekaa meza ya kulia anasubiri Mwanjelwa, anajiona yeye mwenyewe kwenye kioo. Ndani kukiwa na mwanga kuliko nje kioo kinageuka cha kujitazamia. Ilibidi tubadilishe taa zote za upande ule, tukazielekeza ukutani ziache kioo, tukaweka swichi za kupunguza, na meza ikabaki na taa moja ya chini yenye kofia. Sasa akipunguza, mji wote unaingia ndani.

Mambo ya uzito niseme kidogo. Kijana alitaka bustani barazani, udongo futi moja baraza zima. Udongo ukilowa unafika kilo mia tano kwa mita moja ya mraba, na sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida inahesabiwa kubeba kilo 150 mpaka 200. Injinia alikataa hata kabla hajamaliza chai. Tukaweka vyungu pembeni kwenye mstari wa nguzo basi. Na kwa sababu sisi tuko ndani ya Bonde la Ufa, na Rukwa hapo jirani 1910 kulipiga tetemeko la 7.4, kila chungu cha Wakisi kina kifuko cha mchanga ndani kisiyumbe, na mlango wa Bagamoyo umefungwa kwenye fremu ya chuma nyuma, chuma kinashika ukuta, mbao haikutobolewa popote. Huo mlango nusura ukatwe. Ulikuwa mrefu kuliko nafasi na fundi mbao alishachora mstari kwa penseli, sentimita kumi na mbili chini, nikafika msumeno uko mezani. Milango ya nakshi ya kabla ya 1940 inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, si kitu cha kuuza au kupeleka nje unavyojisikia, na mama alikubali kuwaandikia watu wa Mambo ya Kale ili ujulikane uko wapi. Sasa umesimama wima peke yake mwisho wa korido, haufunguki kwenda popote, na wageni wote wanaukaribia wanaweka mkono.

Nimeacha sanamu mwisho kwa sababu inaniuma. Mpingo ni mzito kuliko maji, ukiuweka kwenye ndoo unazama, na ile sanamu ni urefu wa mtu, tulikadiria kilo 180 na ushee. Lifti haikuipokea. Vijana wanane waliipandisha ngazi tano ikiwa imefungwa mablanketi, mama yuko nyuma yao anasema polepole wanangu, polepole, ndaga fijo, yaani asanteni sana. Tukaiweka chumba kikubwa juu ya bimu, mahali salama kabisa kwa uzito. Ilikuwa Julai. Baridi la Julai la Mbeya mnalijua, na usiku mama alikuwa analala kwenye kochi pale akitazama mlima, mtu kwa nia njema kabisa akamletea hita ya umeme akaiweka pale penye soketi, hatua mbili kutoka kwenye sanamu. Mimi nilikuwa nimeshaandika kwamba mpingo unaogopa ukavu na sikuuliza usiku watapashaje moto. Kosa ni langu. Wiki ya pili mama akanipigia saa kumi na moja alfajiri akasema mwanangu nimesikia kitu kimelia ta, kama tawi.

Ufa umeanzia mgongoni kwa yule mtu wa chini kabisa, anayebeba wenzake wote, umepanda kama shubiri moja, upana unaingiza ukingo wa sarafu. Kipima unyevu nilichokwenda nacho siku ile mchana kilisoma asilimia 31. Mama aliuliza kama tunaweza kuujaza kwa gundi na unga wa mpingo, mafundi wawili walishamwambia inawezekana, nikamwomba tusijaze. Mvua zikija mbao itavuta unyevu na kutaka kurudi, ikikuta gundi imekaa katikati itapasukia pengine. Hita ilihamia chumbani kwa mama, sanamu ikahamia ndani zaidi mwanzo wa korido ambako hewa haibadiliki haraka, na haipakwi mafuta wala rangi ya viatu, inafutwa kwa brashi kavu.

Dirisha la magharibi tuliliziba, jua la jioni linaingia chini chini mpaka mwisho wa nyumba. Mama alikubali, kesho yake akasema hapana, huko ndiko treni inakopita, kuelekea Iyunga. Basi tulifungua tena nafasi ya matofali mawili, kimo cha mtu aliyekaa kitini, kiti chake kiko hapo na kandili liko kizingitini.

Kila mwisho wa mwezi napita pale na penseli nyeupe. Pale ufa unapoishia naweka kijistari kidogo na tarehe pembeni, mama anashika tochi. Vijistari vya Agosti na Septemba vimeachana nusu sentimita, vinavyofuata vyote vimekaa mahali pamoja.